Mashine ya Mhina na Tone la Maji

Hapo zamani, wala si zile za fisi kusema, ni hizi za mita ya umeme kulia ukutani, palikuwa na mama mmoja wa Korogwe akiitwa Bi Mwanjaa. Mumewe alikuwa Mzee Saguti, kipofu wa macho yote mawili. Mtoto wao alikuwa Mhina. Mmoja tu. Wengine walikufa wadogo, sitawahesabu hapa.

Mhina alikuwa mpiga video, na alikuwa na kompyuta kubwa kama kreti la soda, iliyopozwa kwa maji. Ndiyo, maji. Ndani mlikuwa na tangi dogo la kioo, mirija, na pampu ya kutosha kiganjani. Pampu ilisukuma maji, maji yakapita juu ya ubongo wa mashine yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta yakapoa, yakarudi. Ni kama gari, msinikodolee macho.

Na Mhina alikuwa na desturi yake. Kila video aliyopiga aliisemea kwa sauti, kwa ajili ya baba yake. "Baba, hapa pana mto. Kushoto kwako ng'ombe wanne, mmoja kilema." Mzee akisikia, anaona. Ya mwisho aliipiga Kwambega, kijiji alichotoka mzee akiwa na miaka tisa, macho yake yakiwa bado mazima. Akaitengeneza, akaimaliza. Akasema, "Baba, kesho utaenda kwenu." Kesho yake pikipiki ikamuua.

Wakazika. Bi Mwanjaa hakuizima mashine, maana taa zake za buluu zilikifanya chumba kionekane kina mtu. Akaivalisha kitambaa cha kufuma, chekundu na cheupe, kama alivyoivalisha redio, kama alivyoivalisha televisheni. Kitambaa kikafunika kioo cha tangi. Miezi mitatu maji yakapungua kidogo kidogo, na hakuna aliyeona. Pampu ikanywa maji, ikanywa mapovu, ikanywa hewa, ikafa. Nayo mashine ikazimika.

Sasa mzee akaanguka kitandani. Akaacha uji, akaacha chai, asiache kuomba.

"Mwanjaa, nipeleke Kwambega."

"Mashine imegoma, baba Mhina."

"Basi iambie mimi sina muda."

Bi Mwanjaa akabonyeza. Mashine ikawaka, ikazimika. Akabonyeza tena. Ikawaka, ikazimika. Akatoka nje, akasimama uani mbele ya majirani, akaweka nadhiri: "Atakayemsikilizisha mume wangu sauti ya mwanawe, mashine hii ni yake. Aibebe aende nayo."

Wa kwanza kuja alikuwa Semdoe, fundi wa pampu za kumwagilia mashamba. Kompyuta hakuijua hata kidogo, ila kujisifu alikujua vizuri. Akavua kitambaa, akafungua ubavu wa mashine. "Washa, shemeji." Ikawaka. Akashika mrija wa kwanza, akashika mrija wa pili, akaweka kidole juu ya pampu. Ikazimika.

"Mrija huu wa moto, huu wa baridi, na pampu haitetemeki," akasema. "Maji hayatembei. Ubongo unachemka, mashine inajizima isiungue. Usiwashe tena hata mara moja. Kilichokufa ni pampu, mengine yote mazima."

"Una hakika?"

"Shemeji, hata ya shambani ikiendeshwa kavu hufa hivi hivi. Nani aliacha tangi likauka?"

Bi Mwanjaa akakikunja kitambaa chake, akakiweka mapajani. 

Wa pili alikuwa Hemedi, mpiga video za harusi, aliyefundishwa kazi na Mhina. Korogwe nzima pampu ile haikuwapo dukani, na kuagiza ni wiki tatu. Lakini Hemedi alikuwa na mashine pacha ya ile; video haingehamishika humo, maana Mhina aliifunga ifunguke kwenye mashine yake tu. Akaenda kwake, akaifungua, akang'oa pampu yake nzima, akaja nayo kwenye bakuli la plastiki. Harusi mbili zilikuwa zinamngoja Ijumaa. Akasema, "Mhina alinipa kazi. Siwezi kumnyima baba yake pampu." Halafu, kwa papara yake, akataka kuiunga umeme pale pale mezani aone kama inazunguka.

Semdoe akampiga kofi mkononi. "Kavu? Unataka tuzike pampu mbili?"

Wa tatu alikuwa Tunu, mwenye kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu. Yeye ndiye aliyejua namna ya kuijaribu. Pampu ilipofungwa mahali pa ile iliyokufa, akachomoa nyaya zote zilizolisha mashine, akaacha waya wa pampu peke yake. Akajaza tangi maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, si ile asidi. Akatandika tishu nyeupe chini ya kila kiungo. Kisha akakunja kibanio cha karatasi, na kabla hajachomeka umeme ukutani akaunganisha kwacho matundu mawili ya kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ili kiilishe pampu bila mashine kuamka.

Maji yakatembea. Mapovu yakapanda, yakaisha. Pampu ikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba.

"Inafanya kazi!" Hemedi akapiga makofi. "Unga nyaya, mzee asikie."

"Bado," Tunu akasema. "Itazunguka hivi hivi mpaka kesho adhuhuri. Mashine isipokuwa na umeme, maji yakivuja tutapangusa. Ikiwa nao, yakivuja tutalia."

"Kesho? Unamwona mzee alivyo?"

"Namwona."

Wakati wa alasiri Tunu akainama, akachomoa tishu moja, akainyanyua juu. Katikati pana alama ya maji, duara dogo kama dengu. Tone moja. Limetoka kwenye kiungo cha pampu, na chini ya kiungo kile ndipo ulipo ubao wenye nyaya za mashine.  Tunu akazima, akabadilisha mpira wa kiungo, akakaza, akapangusa, akatandika tishu mpya, akaanza upya. "Mpaka kesho adhuhuri," akasema tena.

Kesho yake saa mbili asubuhi tishu zilikuwa kavu. Saa tatu, kavu. Saa nne mzee akaanza kupumua kwa mapengo. Bi Mwanjaa akatoka chumbani, kanga imemshuka begani, akamsimamia Tunu.

"Washa."

"Mama, muda haujafika."

"Tishu kavu, naziona kwa macho yangu. Washa, mwanangu. Washa."

"Jana pia zilikuwa kavu, mama, mpaka alasiri. Ikiungua leo hutamsikia Mhina tena, si wewe, si mzee, si mtu yeyote."

Bi Mwanjaa akanyoosha mkono achomeke mwenyewe. Tunu akaushika mkono ule. Akaushika kwa adabu, lakini akaushika. Kutoka chumbani mzee akauliza, "Tumefika?" 

Saa tano Mzee Saguti akafa.

Adhuhuri tishu zilikuwa kavu. Kavu kabisa, kama zilivyokuwa saa mbili.

Wakazika, wakakaa matanga. Siku ya tatu, watu walipoondoka, Tunu akaunga nyaya na kuiwasha mashine. Haikuzimika. Mirija yote miwili vuguvugu, pampu inanguruma. Na sauti ya Mhina ikatoka, nzima, haina hata mkwaruzo: "Baba, kaa vizuri. Tumeingia Kwambega. Kulia kwako mwembe wenu wameukata, lakini kisima kipo."

Bi Mwanjaa akaisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alikuwa ameshalia ya kutosha, na wale watatu walikuwa bado wamekaa.

Semdoe akakohoa. "Shemeji, nadhiri ni nadhiri. Binti yangu yupo chuo, anasomea kompyuta bila kompyuta. Bila kidole changu mngeitupa, au mngeibonyeza mpaka iungue."

"Kidole!" Hemedi akasema. "Kila mtu anavyo kumi. Mimi nimetoa pampu. Mashine yangu imekaa mfu, harusi zote mbili zimekwenda kwa mtu mwingine. Sauti hiyo inasukumwa na kitu changu."

Tunu alikuwa anakunja tishu zake. "Kibanda changu kimekaa wiki tano bila mashine, nyinyi mnajua. Pampu ya Hemedi ilikuja na tone lake. Mngewasha siku ile, leo kusingekuwa na sauti wala mashine ya kugombea."

"Na mzee yuko wapi?" Hemedi akamuuliza. "Tungewasha siku ile angesikia hata nusu saa. Nadhiri ilisema mzee asikie. Wewe ndiye uliyemzuia."

"Au angesikia 'Baba, kaa vizuri', halafu moshi," Tunu akasema. "Unajua wewe? Mimi sijui."

Semdoe akainama chini. Hata yeye hakuwa na la kujisifia hapo.

Bi Mwanjaa akawatazama wote watatu. Angeweza kusema mzee hakusikia, kwa hiyo nadhiri imezikwa naye na mashine inabaki. Kinywa kilimjaa maneno hayo. Lakini mapajani palikuwa na kile kitambaa chekundu na cheupe, na alijua, bila kuambiwa na mtu, ni nani aliyeifunika pampu mpaka ikafa kwa kiu. Akakitazama kitambaa, akaitazama mashine. Ilikuwa uchi, na taa zake za buluu zinawaka.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Asiniambie mtu igawanywe, mashine si ng'ombe. Kuna aliyeujua ugonjwa, kuna aliyetoa cha kwake, kuna aliyekataa kuwasha. Kuna na mama mwenyewe. Je, nani alistahili mashine ya Mhina? Na yule aliyeushika mkono wa Bi Mwanjaa saa nne ile, aliokoa sauti, au alimwibia mzee?