Jembe la Kwanza Kwenye Tuta

Ndugu zangu, ilikuwa siku ya Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, katika kijiji kimoja kilichokuwa na ziwa. Nasema kilichokuwa nalo, kwa sababu asubuhi hiyo watu walikuwa wameweka viti vyao katikati ya ziwa hilo, wakafanya mkutano, na hakuna aliyelowa hata unyayo.

Kulikuwa na mjane mmoja. Shamba lake la maboga na maharage lilikuwa ndani ya ziwa lililokauka, tena pale mdomoni, mahali mto uliposhukia kutoka mlimani. Mbele ya shamba palikuwa na tuta la udongo, kimo cha kiuno, lililojengwa ili mafuriko yasisombe mazao. Lakini mvua zilipoadimika, tuta lile likawa kizuizi. Maji kidogo yaliyobaki mtoni yalilifikia, yakageukia pembeni, yakanywewa na mchanga. Visima vya kijiji, vilivyokuwa vikilishwa na ziwa, vikaanza kutoa tope.

Na mjane yule afanye nini? Kila alfajiri alipanda kilima, akavuka upande wa pili kwenye chemchemi, akajaza ndoo, akajitwika, akarudi kumwagilia maboga. Mmewahi kumwona mtu akipeleka maji ziwani kwa ndoo? Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Mkutanoni wafugaji walitaka tuta livunjwe, mto urudi ziwani. Ng'ombe wao ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa mbali. Wenye mashamba mle ziwani wakakataa, wakasema ule udongo mweusi ndio unaowalisha. Wengine wakataka wangoje mvua, wengine wangoje mavuno, na mmoja akasema wangoje mfadhili, wakamzomea. Lakini kijiji kile kilikuwa na desturi yake: tuta la mtu halivunjwi na mwingine. Jembe la kwanza hulipiga mwenyewe, ndipo wenzake wamsaidie. Basi macho yote yakamgeukia mjane.

Nyumbani alikuwa na watoto watatu na mama mkwe asiyeweza kutembea, na maboga mengi yalikuwa karibu kukomaa. Jumapili iliyotangulia alikuwa amepeleka malimbuko kanisani, boga la kwanza la msimu, akapiga magoti na kumshukuru Mungu kwa shamba lile mpaka machozi yakamtoka. Leo anaambiwa alizamishe.

Mfugaji mmoja, jirani yake na rafiki wa marehemu mumewe, akasimama akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "nakuomba. Mtamba wangu wa mwisho jana ameshindwa kusimama."

"Ng'ombe wakifa utapata wengine, shemeji," mjane akamjibu. "Tuta hili ni jasho la nyumba yangu. Wewe ulikuwa wapi likijengwa?"

Watu wakaguna. Mfugaji akavaa kofia yake, akaketi. Mkutano ukaisha bila uamuzi, kila mtu akabeba kiti chake.

Jioni mjane akamsimulia mama mkwe jinsi alivyomnyamazisha yule bwana, tena kwa fahari kidogo. Bibi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mkono wake ukasimama.

"Ulimuuliza alikuwa wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Naye akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Basi ametushinda kwa adabu," akasema bibi. "Mwanangu, wewe ulikuwa ndani, kwenye matanga, hukutoka. Ulidhani ni shemeji zako, ndugu za marehemu, waliojenga. Shemeji zako walikula wakaondoka. Tuta lile alilijenga yule, kwa punda wake na mikono yake, ili watoto wako wasilale njaa. Akanikataza nisikwambie. Alisema mjane asibebeshwe fadhila juu ya msiba."

Mjane akaketi sakafuni. Chakula cha jioni ile kilikuwa maboga. Akawasogezea watoto sahani yake.

Ndugu zangu, tusimrukie kumhukumu. Huyu mama alishukuru, tena kwa machozi. Ila shukrani yake ilipaa moja kwa moja mbinguni, haikupitia kwa jirani. Na sisi je? Wewe uliyeketi hapo, nani aliwapikia wanao ulipokuwa umelazwa? Nani alikushika mkono siku ile ambayo hukuona mbele wala nyuma? Mungu hakushuka na punda kubeba udongo. Alimtuma mtu, na mtu huyo ana jina, ana mlango, na pengine leo ana kiu. Sisi tunasema tu, "Asante Mungu," kisha tunalinda tuta.

Tena tunaomba. Kila Jumapili tunaomba ziwa lirudi, nasi tumepanda maboga mdomoni mwake. Mungu atujibu vipi? Alete maji, au atuachie maboga? Shukrani isiyofungua mkono, wapendwa, ni majivuno yaliyopiga magoti. Lakini ikifika kwa jirani, shukrani hulainisha hata udongo uliokauka.

Najua mnataka kuniuliza yule mjane aliishia wapi. Asubuhi yake, Jumapili, kengele ililia na nafasi yake kanisani ikabaki wazi. Alikuwa mlangoni kwa mfugaji, boga kubwa kichwani, jembe mkononi. Akatua boga kizingitini, akapiga goti, akasema, "Shemeji, asante kwa tuta." Mfugaji akatazama chini, akavua kofia. Kisha mjane akashuka peke yake mpaka ziwani, akapita katikati ya maharage yake bila kukanyaga hata mche mmoja, akasimama mbele ya lile tuta, akapiga jembe la kwanza.