Moshi wa Korongoni

Enzi za babu wa babu zetu, kabla vilima hivi havijapewa jina, aliishi Masereka mwana wa Kabugho, wa ukoo wa wapanda mlima, aliyeitwa Mgongo wa Wazee kwa kuwa hakupishana na mzee njiani asimbebee mzigo, na mara nyingine akambeba mzee mwenyewe.

Watu wake walikaa bondeni, chini ya mlima wenye barafu. Mwaka mmoja jua likiwa kali na barafu ikiyeyuka, mto ulinywea hadi yakabaki mawe na tope. Watu wakashangilia, wakashuka na majembe kupanda katika tope lile jeusi, wakajenga na vibanda humo humo. Masereka hakushangilia. Jua lote hili, aliwaza, maji yameenda wapi?

"Kuna kitu kimeuziba mto huko juu," aliwaambia. "Napanda kuona. Mkiona moshi korongoni, acheni kila kitu mkimbilie kilimani."

Kighoma, shemeji yake, alicheka hadi akaegemea jembe. "Kumbe dada yangu kaolewa na mwanamume anayeogopa mto mkavu! Nenda, shemeji, utuletee samaki wa barafu." Hata hivyo alivua vazi lake la ngozi za pimbi, akamvisha, akamfungia kamba zake shingoni kama mtoto. "Huko juu kuna baridi," alisema.

Masereka alikuta pande la barafu kubwa kama kilima limeanguka na kuziba korongo, na nyuma yake ziwa limefura. Yule mwenye mikono isiyochoka akapiga shoka, akachonga mfereji ili maji yatoke taratibu, mpaka aliposikia barafu ikipasuka. Akarukia mwambani. Kaa la moto alilobeba chunguni lilikuwa hai bado, lakini kuni zilikuwa zimelowa chepechepe.

Bondeni, Kighoma aliona moshi mzito, kisha upepo ukamletea harufu.

"Hizo ni ngozi zangu!" alipiga kelele. "Anachoma vazi nililomvisha! Pandeni!"

Akambeba Kabugho, mzazi wa Masereka, mgongoni, akafika kilimani wa mwisho, maji yakimlamba visigino. Vibanda na mashamba vilikwenda. Mtu hakwenda hata mmoja.

Masereka hakurudi. Juu ya mwamba walikuta shoka na majivu yaliyoganda, basi.

Ndiyo maana sisi tunakaa vilimani, na mto ukinyamaza wakati wa jua hakuna anayeushukia. Na anayepanda kuutazama hupewa mavazi mawili: moja la kuchoma, moja la kurudi nalo.