Hodi ya Nyumba Tupu

Cheka, mkamwana, cheka mpaka gego la mwisho lionekane. Umeolewa juzi tu, jana umenikuta nikibisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, haina mtu ndani, ukakimbilia kwa majirani kusema kikongwe ameharibikiwa. Weka huo ungo chini usikilize. Ukibisha, kabishane na makaburi.

Zamani kilima hiki kilikuwa msitu, na wenyewe walikuwa Wandeo, watu wa mizinga ya nyuki. Babu zetu walikuja wakikimbia njaa, mbavu zikihesabika. Mkubwa wao, Chamshama, alipiga hodi kwenye kibanda cha bibi mmoja wa Kindeo, Naseku. Akajibiwa, "Karibu." Wakapewa asali, wakapewa bonde la kulima na chemchemi ya kuteka. Ya pili, isiyokauka, Naseku hakuwaonyesha. "Hii ikikauka, njooni mpige hodi. Nitawapeleka."

Wakashiba. Aliyeshiba husahau mlango alioingilia. Wakakata miti pamoja na mizinga yake, wakapanda mahindi, wakajenga mpaka pale palipokuwa na kibanda cha Naseku. Siku moja ya mvua bibi yule akasimama nje ya nyumba ya Chamshama.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwenyeji."

Ndani wakaangua kicheko. "Mwenyeji yumo humu anakula, bibi! Pita kesho!"

Hakupita kesho. Wandeo walihama, na hakuna aliyeuliza wameelekea wapi.

Mwaka wa tatu mvua ikakataa. Chemchemi ikawa tope, tope likawa vumbi. Chamshama akawabeba wanawe wawili, akazunguka msituni kibanda hadi kibanda: "Hodi, Wandeo! Hodi!" Alikuta majivu ya baridi. Watoto alirudi nao wote wawili, akawazika siku moja. Tangu hapo hakuingia kwake bila kuita hodi, na waliobaki wakamfuata. Chemchemi ile ya pili haijaonekana mpaka leo.

Na tangu siku hiyo, mtu wa kilima hiki akifika kwake husema, "Hodi, Wandeo." Husubiri kidogo. Hakuna anayemkaribisha, naye huingia kimya, kama mwizi. Hatubishi ili tujibiwe. Tunabisha kwa sababu nyumba ina wenyewe.

Nilipofika hapo katika kisa nikachukua ndoo yangu, maana maji ni mwendo wa saa mbili. Nikamwambia mkamwana wangu, "Na wewe ukitoka, ukirudi unajua la kusema." Nikatoka, nikaufunga mlango.