Kaburi la Babu Yake Fisi

Enzi zile wanyama walipokuwa na serikali na bado wakiiamini, ukame uliikausha nchi ya kaskazini mpaka vyura wakasahau kuogelea. Wenye miguu wakashika njia kuelekea Mtoni, nchi ya Simba, ambako maji yalikuwa bado yanatiririka.

Simba hakupenda kuona sura asizozijua. Akaunda Idara ya Wageni na Makazi, akampa Fisi. Fisi akakaa kivukoni na kutunga kanuni: anayetaka kuvuka aonyeshe kaburi la babu yake upande huu, asiye nalo asiguse maji, arudi alikotoka. Waliorudishwa hawakufika mbali kwa kiu. Kila jioni Fisi alikwenda kukagua mpaka, akarejea akicheua.

Siku moja akafika Digidigi na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka kama gome.

"Kaburi la babu liko wapi, mama?" Fisi akauliza.

"Babu aliliwa na chui, bwana mkubwa."

"Pole sana. Basi kamtafute huyo chui."

Sungura, mzaliwa wa Mtoni, alikuwa hapo akinywa maji. Hakuwa na cheo, ila mdomo alikuwa nao. Akaenda moja kwa moja kwa Simba, akaisifu kanuni ile kwa maneno matamu, kisha akashauri kwamba raia wangefurahi kumwona mkuu wa idara akiitii kwanza. Simba hupenda sana wengine watii. Akaona hoja ina uzito.

Fisi akaomba siku moja ya kusafisha kaburi. Shida ni kwamba ukoo wake hauziki wafu, huwala. Basi akachagua kichuguu nyuma ya ofisi, akafukia humo fupa la nyati lililobaki mezani kwa Simba. Kulifukia bila kulilamba kulikuwa kugumu kuliko kazi zote alizowahi kuifanyia serikali.

Kesho yake, jua likichoma, wanyama wakakusanyika. Digidigi alisimama ng'ambo, amemkinga mwanawe kwa kivuli chake.

"Hapa amelala babu," Fisi akasema kwa huzuni ya kiofisi.

"Mfukue kidogo, mjomba, tumwamkie," akasema Sungura. "Shikamoo haipenyi udongo."

Fisi akafukua. Fupa lilikuwa limevunda vizuri. Harufu ikamwingia, mate yakamshuka kidevuni. Akageuza uso. Akakohoa. Akaanza hotuba juu ya wema wa marehemu, na kabla hajamaliza kusimulia utoto wake, akawa ameshamtia mdomoni.

Fupa likavunjika, kwa!

"Mjomba," Sungura akauliza taratibu, "babu amekolea chumvi?"

Fisi alivushwa ng'ambo siku ileile, mdomo ukiwa bado umejaa. Naye Simba, ambaye babu yake alivuka mto uohuo akikimbia njaa bila kuulizwa kaburi, akaifuta kanuni haraka kabla mtu hajamgeukia yeye. Mtoto wa Digidigi akanywa mpaka akashikwa na kwikwi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.