Kifaru Mfua Shaba na Mtaro wa Mkaa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo mvua ilinyesha taratibu kama inayosinzia, Kifaru alikuwa mfua shaba. Aliishi juu ya kilima, akigonga masufuria mchana kutwa, ngo, ngo, ngo. Vumbi la shaba na la madini ya risasi lilitapakaa ua mzima.

Mvua ikija, maji yalilifagia vumbi lile hadi kwenye bwawa la chini. Bwawa likageuka kijani, likametameta kama shingo ya njiwa. Lilipendeza kulitazama, lakini samaki walielea ubavu. Tunu, binti wa Nguchiro, aliyanywa maji yale, akaacha kula, akawa analala tu.

Nguchiro akapanda kilima.

"Shikamoo, Mzee Kifaru. Nakuomba usafishe ua. Mwanangu anaumwa."

"Marahaba. Mvua siileti mimi," akajibu Kifaru. Ngo, ngo, ngo.

Nguchiro akarudi kwake, akakaa kando ya mwanawe akiwaza. Kesho yake akapanda tena.

"Mzee, nimeota bwawa limejaa shaba. Kumbe ni yako. Kila mvua inakuibia."

Nyundo ikanyamaza. "Shaba yangu?"

"Yako. Lakini mkaa unaweza kuikamata. Chimba mtaro upande wa chini wa ua, tandaza kokoto na mchanga, juu yake mwaga mkaa mwingi. Maji yatapita, shaba itabaki."

Kifaru akachimba kwa pembe yake mpaka akatota jasho. Mvua iliponyesha, maji yaliingia mtaroni yakiwa ya kijani, yakapenya mkaani, chururu, chururu, yakatokea ng'ambo yakiwa maangavu.

Masika yalipokwisha, bwawa lilionekana hadi chini. Tunu akaamka, akaomba uji.

Kifaru naye akaufukua mkaa, akauchoma tanuruni. Akapata kipande cha shaba kama punje ya mtama. Akashuka bwawani amekasirika.

"Umenidanganya, Nguchiro. Shaba yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, Mzee. Sikuitaka shaba, niliutaka mtaro. Hicho ulichoshika ndicho kilichomlaza mwanangu."

"Kadogo hivi?"

"Kadogo hivyo hivyo."

Kifaru akamtazama Tunu akiogelea, chubwi, chubwi. Alisimama pale mpaka kivuli chake kikarefuka juu ya maji. Kisha akapanda kilima, akabeba gunia la mkaa mpya, akalimwaga mtaroni.

Basi wanangu, mdogo akijua mkubwa anatamani nini, anaweza kuzitumia nguvu za mkubwa kuwaokoa wengi.