Nakijwa na Harufu ya Samadi

Huko milimani Upareni paliondokea Mbonea, tajiri wa ng'ombe, ambaye samadi ya zizi lake hakumgawia mtu hata kiganja. Kishamba cha jirani yake, mjane Nakijwa, kilimkosesha raha, maana alikitaka kiwe malisho ya ndama.

"Hama kwa hiari," alimwambia, "nisije nikakuhamisha."

"Kaka Mbonea, nivunjie hata ua," Nakijwa alilia, "ila samadi usinisogezee! Harufu yake ikinizidi, nafunga virago mwenyewe."

Mbonea alirudi kwake akichekelea. Kulipokucha vijana wake wakaanza kumwaga samadi shambani kwa mjane. Haikumuuma kuitoa, kwani shamba aliona ni lake tayari. Na kila alipomwona Nakijwa akipita ameziba pua kwa upindo wa khanga, aliagiza matenga mengine.

Mvua zikanyesha. Mbonea alipokwenda kukagua malisho yake, alikuta mahindi yamempita kimo, na Nakijwa katikati anavuna mabichi.

"Wewe! Hujahama tu?"

"Nilikuwa nahama, kaka, lakini pua imezoea," alijibu Nakijwa. "Enhe, ng'ombe hawajambo?"