Bamba Dogo Lililopigwa Marufuku Kusogea

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Na nyie wa nyuma, acheni kutafuna, mtanikosa.

Zamani hizo, hata milima haijapata majina, alikuwako Mfalme Tembo. Baraza lake lilikuwa bondeni, kando ya mto uliokwenda machweo. Waziri wake alikuwa Fisi. Na chini ya ardhi aliishi Bi Fuko. Kazi yake kuchimba. Chimba, chimba, chimba.

Siku moja Bi Fuko akasikia: ngrrr! Akatega sikio. Ngrrr! Akaona ufa ardhini, akachomeka vijiti viwili, kimoja huku, kimoja ng'ambo ya ufa. Mwaka ukapita, vijiti vikaachana. Mwaka wa pili, vikaachana tena. Akapanda juu, huyo, mpaka barazani.

"Shikamoo, Mfalme. Bamba la mwamba tulilokalia linazunguka, polepole, kama jiwe la kusagia. Upande wa mawio linajivuta, ardhi inachanika. Upande wa machweo linasukuma, ardhi inainuka. Ikizidi kuinuka, mto utazibiwa njia. Utarudi hapa."

"Bamba lenyewe kubwa?"

"Dogo, Mfalme. Limebanwa na mabamba mawili makubwa."

"Linakwenda mbio?"

"Kwa mwaka, unene wa ukucha wangu."

Baraza zima likacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Fisi akacheka mpaka akagaagaa chini.

"Kitu kidogo hivyo kitusogeze sisi?" akasema Mfalme. "Waziri, andika. Kuanzia leo, ni marufuku ardhi kusogea."

Fisi akaandika. Wakapigilia vigingi, ta! ta! ta!, ardhi ijue mipaka yake. Baada ya miaka, vigingi vikapinda. Fisi akavichapa viboko. Vikapinda tena. Akavihamisha, akatangaza kwamba vimenyooka. Watu wakapiga makofi.

Bi Fuko akarudi shimoni. Akamfundisha binti yake kupima. Binti akamfundisha wake. Tembo wakafa, tembo wakatawala. Vizazi mia, vizazi elfu. Mawio bonde likapanuka. Machweo vilima vikainuka. Na mto? Ukapunguza mwendo. Ukasimama. Kisha, msinicheke, ukageuka!

Chubwi! Maji barazani. Chubwi! Maji magotini, Swala akiwainua watoto wake. Mfalme wa siku hizo akapiga kelele: "Mto, rudi ulikotoka! Ni amri!"

Mto haukusikia. Maji yakafika masikioni.

Hapo mzao wa Bi Fuko, naye akiitwa Bi Fuko vilevile, akachomoza kichwa mlimani. "Njooni huku! Ardhi imeinuka huku! Shikaneni mikia!"

Wakapanda, wakitweta. Kilichokuwa baraza kikawa ziwa, ng'ambo haionekani.

Fisi akajikung'uta maji. Akakohoa. "Wananchi! Mfalme wenu, kwa hekima yake, ameamua kuwajengea ziwa!"

Wakapiga makofi, matope mpaka tumboni.

Bi Fuko hakupiga. Alikuwa akitazama majini. "Swala na watoto wake wako wapi?" akauliza.

Makofi yakakoma. Fisi akatazama vidole vyake.

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya: usidharau kitu kwa kuwa ni kidogo na kinakwenda polepole, wala usimcheke anayekipima. Amri haisimamishi ardhi, na wanaolipia kiburi cha wakubwa ni wengine.

Mimi ngano yangu naitua hapa. Aliyeisikia na aende nayo.